Nereah Afunga Kruzi Kwenye Gari la Marehemu

Neno likishatoka mbele ya majirani halirudi mdomoni, na la Nereah lilitoka mchana kweupe, katikati ya ploti yao ya Sarang'ombe, Kibera, wanawake wakianika nguo na kusikiliza.

Shemeji yake Osewe alikuwa amemletea uamuzi wa ukoo. Marehemu Oloo, mume wa Nereah, angefanyiwa ibada ya ukumbusho nyumbani kwao Ugunja, na gari lake lilitakiwa lifike, wazee walione. Osewe ndiye angeliendesha. Nereah angekaa nyuma kama mgeni, apumzishe mguu.

"Gari nitaendesha mimi," Nereah akamjibu. "Kutoka hapa mpaka Ugunja."

Osewe akacheka, akaaga kila mtu kwa mkono, akaenda zake.

Nereah alijua kwa nini amecheka. Kabla ya ujane alikuwa mfungaji nyaya katika kiwanda kimoja cha kuunganisha magari kule Industrial Area, mpaka siku rundo la milango ya chuma lilipomwangukia likamponda goti la kulia. Kiwanda kilimtibu, kisha kikamwonyesha geti. Goti likapona nusu. Aliweza kuendesha kutoka Olympic mpaka mjini na kurudi, na hiyo ndiyo teksi iliyomlisha yeye na binti yake Celine. Lakini akikanyaga mafuta bila kuachilia, paja lilianza kutetemeka, unyayo ukafa ganzi, na baada ya hapo hakujua mguu uko juu ya pedali au kando yake. Siku aliyojaribu kumpeleka abiria Naivasha, alirudia Limuru.

Na gari lenyewe halikuwa gari la kawaida. Lililetwa na Mjapani mmoja, mhandisi wa maji aliyekuwa akiendeshwa na Oloo. Lilikuwa haibridi, gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme ndani ya mwili mmoja, na mwaka ule wa tisini na tisa Nereah hakuwa ameona la pili Nairobi nzima. Mjapani alipomaliza kazi aliona kulirudisha kwao ni usumbufu, akamwachia dereva wake. Lilinywa petroli kama kuku anywavyo maji, tone kwa tone.

Oloo hakulifaidi. Homa ya mapafu ilimchukua mapema, na matanga yalipoisha ndugu zake wakaja Kibera wakabeba kitanda, redio na baiskeli. Gari walilijaribu pia. Waligeuza ufunguo, hawakusikia injini ikinguruma, wakasema gari limekufa na mwenyewe. Hawakujua kwamba gari la aina ile huamka kimya kimya. Nereah hakuwasahihisha.

Sasa walikuwa wameshamwona akilitembeza.

Alikaa kitandani jioni ile akilikanda goti, na akakumbuka kitu. Kiwandani aliwahi kufunga nyaya za magari fulani ya saluni ya wakubwa, yenye kijiti kidogo kando ya usukani. Dereva akishafika spidi anayoitaka anabonyeza kijiti, anaondoa mguu, na gari linashika mwendo huo lenyewe mpaka aguse breki. Mafundi walikiita kruzi.

Gari la Oloo halikuwa na kruzi. Basi itawekwa, akajiambia, na akalala.

Kesho yake alilipeleka Kawangware kwa Wepukhulu, fundi wa Bungoma, shemasi kanisani kwao, ambaye gereji yake ilikuwa uwanja wenye mabati upande mmoja. Wepukhulu alimsikiliza mpaka mwisho, akainama kuangalia chini ya gari, akainuka haraka kuliko alivyoinama. Alikuwa ameuona waya mnene wa rangi ya machungwa uliotoka kwenye betri kubwa ya nyuma kwenda mbele.

"Mama Celine, hiyo stima inaua ng'ombe," akasema. "Injini najua. Hii iko na roho mbili, mimi sigusi."

Nereah akamweleza kwamba hakuja ili gari liguswe. Alitaka kivuli, spana, na mahali pa kuchomekea chombo cha kulehemu. Waya ule wa machungwa hata yeye hangeugusa. Kazi yake ilikuwa mbele, kwenye pedali na chini ya dashibodi, kwenye nyaya ndogo kama zile alizozifunga kila siku kiwandani. Wepukhulu akamuuliza kama hawezi kukanyaga kwa mguu wa kushoto yakaisha. Akamwambia alishajaribu, na mwenye kibanda cha chipsi pale Olympic mpaka leo hamsalimii.

Fundi akampa kivuli.

Vifaa alivipata kwa Wacera, mama aliyeuza vipuri vya magari yaliyokufa, nyuma ya soko. Pale palikuwa na gari la saluni la balozi fulani lililopondwa ubavuni, na kijiti chake cha kruzi kilikuwa bado kizima. Wacera hakutaka pesa. Pikapu yake ilikuwa ikizima taa kila ikipiga shimo, na mafundi wote walikuwa wameshindwa. Nereah alilala chini ya ile pikapu mchana kutwa, akatoka na waya uliochunika, na jioni akaondoka na kijiti, kisanduku cha kompyuta ya kruzi, mota yake ndogo na kebo ya kuvutia pedali.

Kazi ilianza. Alifunga mota ile ndogo karibu na injini, akaunganisha kebo yake na kebo ya pedali ili ikivuta moja ivute na nyingine. Akatafuta waya unaopeleka habari kwenye mita ya spidi, akautoboa kidogo, akaushikisha kwenye kisanduku ili nacho kijue gari linakimbia vipi. Mwisho akaupeleka waya mmoja kwenye swichi ya breki, maana huo ndio ungekiambia kisanduku kwamba dereva amerudiwa na akili akakanyaga breki, aachiwe gari lake.

Siku ya kwanza ya kujaribu, walitoka yeye na Wepukhulu kuelekea Uthiru. Akafika spidi, akabonyeza kijiti. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Gari likapunguza mwendo kama punda aliyesikia uongo.

Wepukhulu alifurahi waziwazi. Alisema Mungu amejibu.

Nereah alirudi chini ya dashibodi, na baada ya kutafuta sana akaona kosa. Ule waya wa breki alikuwa ameuweka mahali penye moto, yaani umeme, wakati wote, kwa hiyo kisanduku kiliamini kwamba breki imekanyagwa daima. Akauhamisha.

Safari ya pili kruzi ilishika. Aliondoa mguu, akauvuta nyuma, akaunyoosha, na gari likaendelea lenyewe, mwendo ule ule, kama mtu anayeijua njia. Tangu goti liumie hakuwahi kupumzika akiwa kwenye usukani. Alicheka peke yake. Wepukhulu alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

Kisha mkokoteni wa kabichi ukaingia barabarani.

Nereah akakanyaga breki. Gari likasita, lakini halikuachia. Breki ilivuta huku na mota ile ndogo ikavuta kule, na injini ikanguruma kwa hasira. Akakanyaga zaidi, goti likapiga kelele. Mkokoteni ulikuwa umefika mbele ya kioo. Akasukuma gia ikaingia nyutro, injini ikabaki inalia bure, na gari likasimama huku bampa likiugusa mfuko wa kabichi wa chini kabisa.

Mwenye mkokoteni alimwangalia, akazunguka, akaendelea na safari yake.

Njia yote ya kurudi Wepukhulu hakuuachilia mlango. Walipofika gerejini walimkuta Osewe amekaa juu ya tairi, anangoja. Hakuna ajuaye nani alimwambia. Osewe hakumsalimia Nereah. Alizungumza na fundi, mwanamume kwa mwanamume. Alisema amesikia kuna mchezo unachezwa na gari la ndugu yake. Alisema mama yao mzazi, Filister, anafika Ijumaa kutoka nyumbani, na ameomba asafiri kwa gari hilo hilo. Akiumia, Osewe atajua pa kumtafuta fundi.

"Shem, acha kiburi," akamwambia Nereah mwishowe, akiinuka. "Leta ufunguo Jumamosi asubuhi. Hakuna mtu atakucheka."

Alipoondoka, Wepukhulu alichukua koleo. Alisema hiyo kitu itolewe, sasa hivi, yeye ana watoto na ana kanisa.

Nereah akajiweka kati yake na mlango wa gari. Hakupaza sauti.

"Kitanda nililala juu yake, wakabeba. Redio nilinunua mimi, wakabeba. Mguu ulikwenda na kiwanda. Wepukhulu, nikimpa huyu ufunguo atanipeleka Ugunja kama mzigo, na mzigo haurudi wenyewe. Hii kitu imekosea waya mmoja. Mimi nimekosewa na watu wangapi na bado niko hapa? Acha nirekebishe."

Fundi aliliangalia koleo lake. Kisha akaliweka chini, akaenda kuosha mikono.

Kosa lilikuwa lile lile, upande wa pili. Nereah alikuwa ameutoa waya wa breki mahali pabaya akaupeleka pabaya zaidi, kwenye waya uliokatika ndani, usiopitisha chochote. Kisanduku hakikuwahi kusikia habari ya breki. Safari hii alipima kila waya kwa taa, breki ikikanyagwa na ikiachiliwa, mpaka akawa na hakika. Na hakuridhika na hapo. Alitaka njia ya pili ya kuikata, ya mkono, iwapo ya mguu itamsaliti tena.

Aliporudi kutoka kununua tepu ya umeme alimkuta Wepukhulu amepiga magoti ndani ya gari, yule aliyeapa hatagusa. Alikuwa akifunga swichi nyekundu, kubwa kama kizibo cha soda, kando ya usukani.

"Ukigonga hapa, kruzi yote inakufa," akasema bila kugeuka. "Inakata moto kabisa. Usiniambie asante, jaribu kwanza."

Walijaribu mpaka jua likaegemea Dagoretti. Kila alipogusa breki, kruzi iliachia. Kila alipogonga swichi, iliachia. Wepukhulu akaachilia mlango.

Jumamosi asubuhi Osewe alifika Sarang'ombe amevaa koti. Mama mkwe alikuwa ameshaamka, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, amekaa kwenye kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani. Celine alikuwa amepelekwa kwa jirani. Osewe akanyoosha mkono aupokee ufunguo, na majirani wakaacha kufua.

Nereah akampita, akafungua mlango wa dereva, akaketi.

Osewe alimgeukia mama yake amsemee. Filister akaangalia mbele na kusema kwamba jua linapanda. Basi Osewe akaingia kiti cha abiria, akafunga mlango kwa nguvu.

Mpaka Limuru Nereah aliendesha kwa mguu wake, na kila kilima alikilipia kwa maumivu. Osewe aliuona mguu ukianza kutetemeka. Akaanza kupiga mluzi. Wakashuka bonde mguu ukipumzika mteremkoni, wakapita Naivasha pole pole wakikwepa mashimo, na zaidi ya Gilgil, mahali ambapo mvua za El Nino zilikuwa zimeacha lami, barabara ikalala sawa. Nereah akafikisha spidi, akabonyeza kijiti, akauondoa mguu.

Mluzi ukakatika.

Osewe aliangalia pedali. Akaangalia mguu ule ulionyooshwa, umepumzika. Akaangalia tena pedali iliyokuwa ikipanda na kushuka kidogo yenyewe.

"Nani anaendesha?" Filister akauliza kutoka nyuma.

"Ni mimi, mama."

"Sawa," mama mkwe akasema, na akaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu Nairobi.

Nakuru waliingia kwenye kituo cha petroli, ingawa gari halikuwa na kiu. Osewe ndiye aliyeomba. Alisema ana simu ya kupiga, akaelekea kwenye kibanda cha simu upande wa pili wa barabara. Nereah akabaki akilikanda goti, moyo ukimwambia ameshinda nusu ya vita.

Hapo Filister akasogea mbele, akashika mgongo wa kiti.

"Nyar Alego," akamwita, binti wa Alego, kwa jina la kwao alikozaliwa. "Kesho wakishaimba na kuomba, watasimama waseme Osewe akurithi, uwe mke wake. Utakuwa mbele ya watu, hutapata mahali pa kupita. Halafu gari iende kwake. Kuna mtu wa Busia anaingoja kuinunua."

Nereah hakugeuka. Aliuliza kwa nini hakuambiwa Nairobi.

"Nairobi ungefunga mlango, ukae. Na wangekuja kukuchukulia hii gari ukiwa huko huko. Ukitaka neno liishe, lisemee mahali limeanzia."

"Na wewe, mama? Osewe ni mtoto wako."

Lori lilipita, vumbi likaingia dirishani.

"Baba ya Oloo alipokufa, Oloo alikuwa bado ananyonya. Walinipa kwa ndugu yake. Osewe nimemzaa na huyo. Nampenda, ni mtoto wangu. Lakini mimi sikuulizwa." Akaachilia kiti. "Wewe nakuuliza. Unaenda ama unarudi?"

Nereah akaangalia kioo cha nyuma. Nyuma yao kulikuwa na Kibera, Celine, na mlango ambao ungeweza kufungwa. Mbele kulikuwa na kaburi la mume wake, ambalo hakuwa ameliona tangu liwekwe udongo.

Kabla hajafungua kinywa alimwona Osewe akirudi, na hakuwa peke yake. Pikapu ya bluu iliyokuwa imeegeshwa kando ya kibanda cha simu tangu walipofika ilikuwa imefungua milango, na wanaume wawili wa ukoo walikuwa wakitembea pamoja naye. Mmoja alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

Osewe aliinama dirishani. Sauti yake ilikuwa laini.

"Shem, umeonyesha. Umefika Nakuru na kila mtu atasikia. Sasa mguu umechoka, na mbele ni milima. Huyu atashika gari, wewe na mama mpande pikapu. Leta ufunguo."

Mkono wake uliingia ndani. Nereah akausukuma nje taratibu, kama mtu anayeondoa mkono wa mtoto kwenye sufuria ya moto, na akapandisha kioo.

"Naenda, mama," akasema. "Nataka kufika kabla yao. Nitasema mwenyewe, na wewe utakuwa kando yangu."

"Basi nenda," Filister akasema, akafunga mlango wake kwa ndani.

Gari likateleza kutoka pale bila kelele, na Osewe akatembea hatua mbili za kulifuata, kisha akageuka kuikimbilia pikapu.

Zaidi ya Salgaa barabara ilianza kupanda kuelekea Mau Summit, na haikuacha. Kruzi, aliyoiwasha tena walipotoka Nakuru, iliendelea kudai spidi ile ile mlimani, injini ikipiga kelele, mota ya umeme ikiisaidia kwa nguvu zake zote. Kwenye kioo cha nyuma nukta ya bluu ilitokea, ikapotea nyuma ya lori, ikatokea tena ikiwa kubwa kidogo.

Ndipo kwenye dashibodi kukawaka taa ya manjano ambayo Nereah hakuwahi kuiona ikiwaka.

"Ni nini hiyo?" Filister akauliza.

"Ni kobe, mama."

Kweli lilikuwa umbo la kobe. Betri kubwa ya nyuma ilikuwa imechoka. Gari lilikuwa limebaki na injini ya petroli peke yake, injini ndogo, na mlima ulikuwa bado unaanza. Mshale wa mita ukaanza kushuka.

"Kobe anasema nini?"

"Anasema twende pole pole."

Filister aligeuka akaitazama barabara ya nyuma kwa muda mrefu. Aliporudi kukaa sawa, honi ya pikapu ilikuwa imeanza kusikika.

Mota ndogo ya kruzi haikuweza kuivuta pedali mpaka mwisho, basi Nereah akaipiga ile swichi nyekundu. Kruzi ikafa. Akauvuta mguu wake mbovu kutoka pale ulipokuwa umepumzika, akauweka juu ya pedali, na akaikanyaga mpaka chini.